Fuata Sahani ya Wali Mpaka Kwenye Damu: Mwongozo wa Kuielewa Sukari Nyumbani

Mama yangu aliacha kutia sukari kwenye chai siku ile ile alipoambiwa ana maradhi ya sukari. Kikopo kikapandishwa juu ya kabati, visheti na halua akawa anawapa wajukuu, na chai ya tangawizi akainywa hivyo hivyo kavu. Baada ya miezi mitatu mashine ya kupimia sukari bado ilikuwa inasoma 14, siku nyengine 15, na zote ziko juu mno. "Mwanangu, mie sukari siigusi. Hii inatoka wapi?" aliniuliza, na machozi yalikuwa karibu.

Ilikuwa inatoka kwenye sinia. Mchana wali wa nazi, usiku muhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Vyote ni vyakula visivyo na utamu mdomoni, kwa hiyo hapana aliyevishuku. Mimi nasomesha bailojia skuli, na safari ya chakula mwilini naichora ubaoni kila mwaka, lakini sikuwahi kuileta ile michoro jikoni kwetu. Hapa nimeziandika hatua tulizozipita nyumbani, Wete, kisiwani Pemba, mpaka mama akajua sukari yake inapanda saa ngapi, kwa chakula gani, na inashuka kwa nini. Si badala ya daktari, na kipimo cha dawa usikiguse bila yeye.

Tafuta vitu hivi: mashine ya kupimia sukari na stripu zake, upawa wa jikoni, daftari la skuli, kalamu, saa, na kipande cha muhogo. Mzani mdogo wa jikoni ukiupata ni vizuri zaidi.

Hatua ya 1: Onja wanga unavyogeuka sukari

Chemsha kipande cha muhogo kwa maji matupu, bila chumvi wala tui. Kiache kipoe. Tia kinywani kipande cha ukubwa wa kidole gumba, tafuna, usimeze. Endelea kutafuna dakika mbili au tatu. Mwanzo ni ladha ya muhogo tu. Baadaye utausikia utamu unakuja kidogo kidogo pembeni mwa ulimi.

Hapana aliyetia sukari. Utamu huo ulikuwamo ndani ya muhogo tangu ulipokuwa shambani, ila ulikuwa umefungwa. Wanga ni kama ushanga uliotungwa kwenye uzi mrefu: kila shanga moja ni glukosi, na mnyororo mmoja huweza kuwa na shanga maelfu. Ulimi hauhisi utamu wa mnyororo. Mate yana kimeng'enya kinachoitwa amilesi, na kazi yake ni kuukata ule uzi uwe vipande vifupi vya shanga mbili mbili, ambavyo ni maltosi. Maltosi ni sukari, na ulimi unaijua.

Ukiwa na watoto nyumbani, wafanyie na jaribio la pili. Ponda wali kidogo, uweke kwenye visosi viwili na utie maji. Kimoja kiongezee mate, ukoroge, na uviache vyote dakika 20. Kisha dondosha tone la ile iodini ya kahawia ya kusafishia vidonda. Kisosi kisicho na mate kitageuka rangi ya buluu nzito inayoelekea kwenye weusi, kwa sababu wanga upo mzima. Chenye mate kitakuwa hafifu au kitabaki kahawia, kwa sababu wanga umekwisha kukatwakatwa. Mwaga vyote viwili baada ya kutazama. Mama alikaa kwenye mkeka akavitazama visosi vile kwa muda mrefu. Nafikiri hapo ndipo aliposadiki.

Hatua ya 2: Jua safari inavyokwenda, na wapi inachelewa

Tonge likishashuka tumboni, tindikali ya tumbo huizuia ile amilesi ya mate. Kazi ya wanga husimama. Tumbo linasaga, linachanganya, halafu linafungua mlango wake wa chini kidogo kidogo na kuruhusu uji upite kuingia kwenye utumbo mwembamba. Mlango huu ushike akilini, maana ndipo pahala pa kwanza unapoweza kuisaidia sukari isipande kwa kishindo. Mafuta, protini na nyuzinyuzi huufanya mlango uchelewe. Maji ya miwa, juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari, na soda hazina cha kusagwa wala cha kuchelewesha, hupita mbio.

Kwenye utumbo mwembamba, kongosho linamimina amilesi yake, yenye nguvu kuliko ya mate, pamoja na majimaji yanayoizima tindikali. Minyororo inakatwa tena. Vipande vya mwisho hukatwa kwenye ukuta wenyewe wa utumbo: maltesi inagawa maltosi, sukresi inagawa sukari ya dukani kuwa glukosi na fruktosi, laktesi inagawa sukari ya maziwa. Shanga moja moja tu ndizo zinazoruhusiwa kuvuka ukuta.

Glukosi haivuki peke yake. Kwenye mlango wake mkuu inavushwa pamoja na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na maji huzifuata. Ndiyo sababu mgonjwa wa kipindupindu au wa kuharisha tunampa maji yenye chumvi na sukari kwa pamoja. Ile pakti ya dawa inayokorogwa kwenye lita 1 ya maji safi inatumia mlango huu huu. Visiwa vyetu vimepita kwenye kipindupindu mara nyingi, na watu wangapi wameokolewa na jambo hili dogo la glukosi kushikana mkono na chumvi.

Nyuzinyuzi za mboga, kunde na matunda hatuna kimeng'enya cha kuzikata. Zinapita mpaka utumbo mpana, bakteria wanazila, na ile gesi ya maharage inatoka huko. Glukosi iliyovuka, yenyewe, inaingia kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya kijiko

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke.

Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5. Asiye na kisukari, akiwa hajala, ana glukosi kama milimoli 5 katika kila lita (mashine huandika 5 mmol/L), na milimoli moja ya glukosi ni gramu 0.18. Ukizidisha, glukosi yote inayozunguka ndani ya damu yake ni gramu 4 na nusu hivi. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Mwili mzima, kuanzia utosini mpaka kwenye unyayo, damu inabeba kijiko kimoja.

Sasa chukua upawa. Upawa wa nyumbani kwetu, ukijaa wali uliopikwa, una gramu 150 kwenye mzani. Wali wa gramu 100 una wanga kiasi cha gramu 28, kwa hiyo upawa mmoja ni gramu 42 za wanga. Mama alikuwa akipakua pawa tatu mchana. Hizo ni gramu 126, sawa na vijiko vya chai kama 30 vya sukari, vinavyotaka kuingia kwenye damu ambayo nafasi yake ni kijiko kimoja. Na hapo kwenye chai alikuwa ameacha vijiko viwili.

Kwa mtu mzima wa afya vijiko hivyo 30 vinapita na damu haifiki hata vijiko viwili. Kila ninapolieleza jambo hili nasema Subhanallah. Inakuwa hivi: ndani ya kongosho mna vishungu vidogo vya seli ambavyo Paul Langerhans, akiwa mwanafunzi wa udaktari Ujerumani, alivieleza mwaka 1869. Seli zake za beta zinaionja damu muda wote. Glukosi ikianza kupanda, ndani ya dakika chache zinamwaga insulini, homoni ya kushusha sukari, iliyokwisha kutengenezwa, kisha zinaendelea kutengeneza nyengine taratibu. Hata utumbo unasaidia: chakula kikiufikia tu, unatuma homoni kulitayarisha kongosho kabla damu haijajaa.

Insulini inafanya mambo mawili makubwa. Kwenye misuli na mafuta ya mwili inaifanya milango ya glukosi ipande juu ya seli na kufunguka. Kwenye ini inatoa amri: weka akiba, na acha kutengeneza glukosi yako. Akiba hiyo inaitwa glaikojeni, shanga zile zile zimetungwa upya. Ini linaweka kiasi cha gramu 100, misuli yote kwa jumla kama gramu 400. Mchumaji wa karafuu anayepanda mikarafuu tangu asubuhi anakula muhogo kwa wingi na sukari yake inatulia, kwa sababu misuli yake inarudi nyumbani mitupu na inataka kujazwa.

Saa nyingi baada ya kula mambo yanageuka. Insulini inashuka, seli za alfa za kongosho zinatoa glukagoni, na ini linaifungua akiba yake. Ubongo peke yake unatumia glukosi kiasi cha gramu 120 kwa siku, uwe umekula au umefunga. Akiba ikielekea kwisha, ini linaanza kutengeneza glukosi mpya kutokana na vitu vyengine, vikiwemo vipande vya protini.

Katika kisukari cha aina ya 2, misuli na ini vinakuwa vizito kuisikia insulini, na kongosho nalo linachoka pole pole. Ndilo jibu la swali ambalo shangazi yangu huliuliza kila wiki: "Nimelala bila kula, nimeamka sukari iko juu, vipi?" Ini halikuisikia amri ya kunyamaza. Limemwaga glukosi usiku kucha, na homoni za alfajiri, zile zinazomwamsha mtu, zikaliongezea nguvu. Kulala na njaa hakukumsaidia.

Katika aina ya 1, kinga ya mwili imeziua zile seli za beta, kwa hiyo insulini karibu haipo kabisa. Mtoto wa namna hii hana njia ila sindano. Kabla ya Banting na Best kuipata insulini Toronto mwaka 1921, na kijana Leonard Thompson wa miaka 14 kudungwa Januari 1922, watoto hawa walikuwa wakikonda mpaka wakafa. Kwa hiyo mtu yeyote, awe nani, akikwambia umwachishe mtoto insulini umpe mizizi, mkatalie. Akitapika, akaumwa na tumbo, akahema kwa nguvu na pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyooza, mkimbize hospitali muda huo huo.

Hatua ya 4: Pima, lakini pima sawasawa

Osha mikono kwa sabuni, kisha ikaushe. Msimu mmoja wa embe mama alijitoboa akiwa ametoka kumenya boribo, mashine ikasoma 19.3. Nyumba nzima ilitaharuki, kaka yangu akawa anatafuta gari. Nikamwambia aoshe mikono tupime tena: 8.4. Ilikuwa sukari ya embe iliyobaki kidoleni. Tone la damu ni dogo mno, na chembe ya tunda ni nyingi kwake.

Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, hapaumi sana. Badilisha vidole. Usikamue kwa nguvu. Ning'iniza mkono chini kidogo kwanza. Kopo la stripu lifunge hapo hapo ukishatoa moja, maana unyevu wa pwani unaziharibu, na usiliweke juu ya friji wala kwenye dirisha linalopigwa na jua. Angalia tarehe ya mwisho.

Tazama pia mashine yako inasoma kipimo gani. Ndugu yetu alituletea moja kutoka Uarabuni, ikasoma 162, jirani akadhani mtu anakufa. Ilikuwa inasoma mg/dL, yaani miligramu katika desilita ya damu. Gawa kwa 18 upate mmol/L: 162 ni 9.0. Na usibabaike kwa tofauti ndogo. Kipimo cha kimataifa cha mashine hizi kinaruhusu makosa ya mpaka asilimia 15, kwa hiyo 8.1 na 8.6 ni kitu kimoja.

Kwa siku tatu pima mara mbili kwa mlo mmoja: kabla ya kula, na saa 2 baada ya tonge la kwanza. Chagua mlo mkubwa. Andika daftarini tarehe, namba ya kwanza, ulichokula kwa pawa, namba ya pili, na ulichokifanya baada ya kula.

Kwa watu wazima wengi wenye kisukari lengo ni kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10.0 baada. Wazee huweza kupangiwa lengo lenye nafasi zaidi, muulize daktari. Asiye na kisukari huwa chini ya 5.6 akiwa hajala. Ikifika 7.0 au zaidi ukiwa hujala tangu usiku, nenda upimwe maabara. Usijihukumu kwa mashine ya nyumbani. Ile 10 nayo ina maana yake: hapo ndipo figo kwa kawaida huanza kushindwa kurudisha glukosi yote, ikamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Kiu, kukojoa kila mara, na sisimizi chooni, ishara ambazo wazee wetu walizijua, zinatoka hapo.

Hatua ya 5: Badilisha jambo moja tu, kisha pima tena

Ukibadilisha matano kwa pamoja hutajua lililofanya kazi. Sisi tulianza na upawa. Kwa pawa tatu, mama alikuwa akitoka 8.2 na kufika 15.6. Tukapunguza mpaka upawa mmoja na nusu, nafasi iliyobaki kwenye sahani tukaijaza mtoriro, ile mboga ya majani, na kunde za nazi. Alilalamika siku mbili, akazoea. Namba ya pili ikawa 12 na pointi.

Halafu tukabadilisha mpango wa kula. Samaki na mboga kwanza, wali baadaye. Mwanzo aliona ni utovu wa adabu kumaliza kitoweo kabla ya wali, lakini ule mlango wa chini wa tumbo haujui adabu hizo. Ukipokea samaki na nyuzinyuzi mwanzo, wali unaofuata unapita taratibu. Tukashuka mpaka 11 na kidogo.

La tatu ndilo lililomfurahisha. Ulikuwa msimu wa karafuu, na karafuu zimeanikwa majamvini mbele ya nyumba. Badala ya kujinyoosha baada ya kula, akawa anatoka kwenda kuzigeuza, robo saa hivi, anazunguka jamvi kwa jamvi. Namba ikasoma 9.4. Misuli inayofanya kazi inafungua milango yake ya glukosi hata bila kungoja insulini, na hili ni muhimu sana kwa mtu ambaye insulini yake haisikiki. Si lazima iwe karafuu. Zungukeni mtaani, nendeni dukani kwa miguu, fueni nguo. Dakika 10 mpaka 15, mara tu baada ya kula, ndizo zenye faida zaidi.

Kwa upande wa vyakula vyetu, hizi hapa namba za kukadiria wanga ndani ya gramu 100 za chakula kilichoiva: muhogo kama 38, majimbi 35, ndizi mbichi 31, wali 28, shelisheli 27, viazi vitamu 18 mpaka 20. Kwa hiyo anayekimbia wali akahamia kwenye muhogo amejiongezea. Kwa maoni yangu kiazi kitamu cha kuchemsha tunakidharau bure. Ndizi kadiri inavyoiva ndivyo wanga wake unavyogeuka sukari, na utamu wake unakwambia. Wali au muhogo uliolala ukapoa, sehemu ya wanga wake hujikaza na kuwa ngumu kukatwa, lakini faida hiyo ni ndogo, isikufanye uongeze upawa.

Urojo unawaponza wengi kwa sababu unaonekana mwepesi. Uzito wa ule mchuzi ni unga, na ndani mna viazi, kachori, bajia na chipsi za muhogo. Ni mlo kamili wa wanga, uhesabu hivyo. Tui, kwa upande wake, lina wanga kidogo sana. Linachelewesha sukari kupanda, lakini ni mafuta mazito, na mwenye kisukari ana moyo wa kuuangalia pia.

Kuhusu asali, nasema kwa heshima yake yote: kijiko kimoja cha chakula kina sukari kiasi cha gramu 17, nyingi yake glukosi na fruktosi zilizokwisha kukatwa tayari. Ina sifa zake, lakini mwenye kisukari asiinywe kama dawa ya kisukari.

Hatua ya 6: Jua kuitambua sukari iliyoshuka

Tulikuwa harusini, biriani limechelewa. Mama alikuwa amemeza glibenklamidi, dawa yake ya sukari, asubuhi na hakula kitu, akijua atakula shughulini. Mara nikaitwa upande wa wanawake. Buibui lake limelowa jasho, mikono inatetemeka, na anamfokea mpwa wangu, yeye ambaye hafoki kamwe. Mashine ikasoma 2.9.

Dawa ile hulilazimisha kongosho litoe insulini, uwe umekula au hukula. Pale tulipopewa waliandika juu ya pakiti "1×1" tu, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku, wala hawakutamka neno juu ya chakula. Mpaka leo linaniuma. Ukipewa dawa yoyote ya sukari, usiondoke dirishani bila ya kuuliza: hii inamezwa kabla, pamoja, au baada ya kula, na nisipokula nifanye nini? Metformini, dawa nyengine ya sukari ambayo hasa inalituliza ini, ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi na insulini zinashusha.

Chini ya 3.9, usingoje. Koroga vijiko vitatu mpaka vinne vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, au apewe nusu glasi ya soda ya kawaida. Kashata au halua hazifai hapa, mafuta yake yanachelewesha. Ngoja dakika 15, pima tena, ikiwa bado iko chini rudia. Ikishapanda, mpe chakula. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni, atapaliwa, mpeleke hospitali. Na aliyeshushwa na glibenklamidi, hasa mzee, mpeleke hospitali hata kama amezinduka, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini saa nyingi na sukari huweza kushuka tena usiku watu wamelala. Mama tulimpeleka. Saa nne za usiku ikashuka tena, akiwa mikononi mwa wauguzi.

Hatua ya 7: Ramadhani

Nenda kwa daktari wiki 6 mpaka 8 kabla ya mwezi kuandama, ili dawa na saa zake zipangwe upya. Kujitoboa kidole hakubatilishi saumu, na masheikh wengi wamekwisha kulieleza hilo, kwa hiyo pima mchana bila wasiwasi. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.7, fungua. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Suratul Baqara, na mama yangu, aliyekuwa akiona kufungua ni aibu, alitulia pale imamu wa msikiti wetu alipomsomea aya yenyewe.

Futari yetu ya Pemba karibu yote ni wanga: muhogo, majimbi, ndizi, tambi za nazi, mkate wa kumimina, kaimati, na uji juu yake. Chagua kimoja cha wanga, au viwili kwa kiasi kidogo kidogo. Tende moja au mbili na maji, kisha supu ya samaki, usali magharibi, halafu ndipo uende kwenye sinia. Daku ichelewe, na iwe na kunde, mayai au samaki, ili ule mlango wa tumbo uachie taratibu mpaka mchana. Sala ya tarawehe ni mwendo mzuri wa misuli baada ya kula, uhesabu kama zile dakika 15.

Hatua ya 8: Peleka daftari kliniki

Usipeleke namba za asubuhi peke yake. Fungua ukurasa wenye namba mbili mbili, kabla na baada, na pawa zilizoandikwa pembeni. Omba pia kipimo cha damu kinachoonesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Wanakiita HbA1c, na kwa wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Pamoja nacho omba wakuangalie miguu, macho na figo angalau mara moja kwa mwaka. Daktari wa mama alipoliona daftari lile alilisoma mstari kwa mstari, akaifuta ile glibenklamidi, akamwandikia dawa nyengine, na kwenye ukurasa uliofuata akaandika kwa mkono wake: saa 2 baada ya wali, kila Jumatatu na Alhamisi.